Sarafu ya Brutus: je, Ugiriki ilistahili kupewa dhahabu ya Warumi?

Ndugu zangu, naleta mbele yenu suala la sarafu ya dhahabu iliyouzwa mnadani London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4, na ambayo waendesha mashtaka wa Manhattan waliikabidhi kwa Ugiriki mwezi Machi 2023, baada ya kubainika kwamba maelezo kuhusu wamiliki wake wa zamani yalikuwa ya kughushi. Wapo wanaoona kwamba Ugiriki ilipewa kisicho chake, kwa kuwa aliyeitoa ni Brutus, mmoja wa wauaji wa mtawala Julius Caesar, Mrumi aliyekuwa akiwalipa askari wa Kirumi.

Ni kweli kwamba sarafu hiyo ni ya Kirumi pande zote mbili. Ilitolewa mwaka 42 KK, kabla ya vita vya Filipi, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa waraka wa Paulo. Upande mmoja una kichwa cha Brutus na cheo cha amiri jeshi, ambacho baadaye makaisari walikifanya chao. Upande wa pili una majambia mawili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini yake siku aliyouawa Julius Caesar. Caesar alikuwa Mrumi wa kwanza kuwekwa sura yake kwenye sarafu za Roma angali hai, na muuaji wake, aliyejinadi kuwa mtetezi wa jamhuri, hakuona haya kumwiga.

Hata hivyo, haki ya Ugiriki haitokani na nasaba ya Brutus bali na ardhi na sheria. Upelelezi ulionyesha kwamba sarafu iliibwa katika eneo la Ugiriki ambako Brutus na mshirika wake Cassius walipiga kambi, na sheria ya nchi hiyo huyaweka mambo ya kale yanayofukuliwa mikononi mwa serikali. Wakusanyaji hudai kwamba fedha haina uraia kwa sababu ilitengenezwa ili izunguke. Hoja hiyo ina uzito kwa vipande vya shaba vinavyopatikana kwa maelfu, lakini za dhahabu za aina hii zinazojulikana ni tatu tu. Isitoshe, aliyeichimba kwa siri alifuta habari ambayo bei yoyote haiwezi kuirudisha: ilizikwa peke yake, au pamoja na mishahara ya kikosi kizima?

Anayetetea mnada huo atueleze, basi, dalali angepoteza nini kama angetakiwa kuthibitisha mahali sarafu ilipochimbuliwa kabla ya kugonga nyundo.