Safari ya kikazi Helsinki mwezi wa Juni: sampuli za sabuni ya mwani, Sala, sauna na pa kutembea

Katibu wa Mwani (Micheweni, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa ushirika wa akina mama wanaolima mwani huku Micheweni. Mwingi tunauuza mkavu, na sehemu tunaisaga tukatengenezea sabuni, nyengine za mchaichai na nyengine za mafuta ya karafuu. Mnunuzi wa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, amenialika mwanzoni mwa Juni kwa mazungumzo ya siku tatu. Viza imeshatoka, na baada ya kazi nitakuwa na Jumamosi na Jumapili kabla ya ndege ya kurudi. Naomba kujua ni sampuli gani naweza kupita nazo, na nitasali vipi katika nchi ambayo usiku wake ni mfupi hivyo. Aidha, kwenye ratiba mwenyeji ameandika “sauna”, kile chumba chao cha mvuke wa moto, jioni ya siku ya pili, nami ni mwanamke ninayejisitiri, sijui nijibu nini. Mwisho, wapo wanaonishauri nipande treni mpaka kaskazini nikaone jua la usiku wa manane. Je, ni busara kwa siku mbili tu?

Mzee wa Ramani (Unguja)

Waalaykum salaam, Bi Katibu. Nilifanya kazi na Wafini wakati wanafadhili mradi wa ardhi na mazingira hapa Zanzibar, kwa hiyo nitasema la tabia zao, mengine nawaachia wenzangu. Ukiambiwa saa tatu asubuhi, uwe mlangoni kabla ya saa tatu. Utakapomaliza kueleza bei yako watanyamaza, na kimya hicho kisikutie wasiwasi ukaanza kuipunguza mwenyewe, kwa sababu Mfini hunyamaza anapofikiri na wala haoni tabu kukaa kimya mbele ya mgeni. Hawana salamu ndefu kama zetu, na hata mkubwa wa kampuni huitwa kwa jina lake la kwanza. Viatu huvuliwa mlangoni, hilo halitakusumbua.

Kuhusu sauna, jua kwamba nchi ya watu wapatao milioni 5.5 inakadiriwa kuwa na sauna milioni 3, na kumkaribisha mgeni huko ni heshima. Kwa kawaida wageni wa kikazi huingia wanawake peke yao na wanaume peke yao. Mwandikie mapema kwamba utakaa na wenzako kwenye kahawa, au kwamba utaingia na wanawake ukiwa umejifunga taulo. Yote mawili yanapokelewa bila ya kinyongo. Kinachowakera ni mtu kukubali kisha asitokee.

Karani wa Forodhani (Unguja)

Dada yangu, mwani mkavu na sabuni chache za kuonesha hazina shida kubwa, ilimradi ubebe barua ya mwaliko na karatasi inayoeleza kila kilichomo. Usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, maana abiria anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia navyo. Matunda mabichi nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo embe ya zawadi iache nyumbani.

Jambo ambalo naona hukuliuliza ndilo zito zaidi. Kuonesha sabuni ni jambo moja, kuiuza ni jengine. Sabuni ya kuogea katika soko la Ulaya huhesabiwa kuwa kipodozi, na kila kipodozi lazima kiwe na mtu au kampuni iliyomo ndani ya Umoja huo inayowajibika kisheria, pamoja na ripoti ya usalama ya mtaalamu. Muulize mnunuzi wako siku ya kwanza kama yeye ndiye atakayebeba dhamana hiyo na gharama ya ripoti, kabla hamjafika kwenye bei. Sabuni yako ya karafuu ina eugenoli, ambayo imo katika orodha ya viambato vinavyoweza kuleta mzio. Ikizidi asilimia 0.01 kwenye bidhaa ya kusuuza, lazima itajwe kwenye lebo. Kwa maoni yangu, anzeni na ile ya mchaichai, ingawa nayo mafuta yake yapimwe.

Binti Makunduchi (Helsinki)

Karibu sana, dada. Saa za kiangazi za huku ni sawasawa na za Zanzibar, ila mwanzoni mwa Juni jua linazama baada ya saa nne na nusu usiku na kuchomoza karibu na saa kumi alfajiri, na giza kamili halipatikani. Kwa sababu hiyo alama za Isha na Alfajiri hazionekani, na misikiti hutoa ratiba ya kukadiria. Chukua ya msikiti mmoja uifuate hiyo hiyo, usichanganye. Uislamu si mgeni huku: Watatari, Waislamu waliotokea Urusi, walianza kuhamia tangu karne ya 19, na jumuiya yao ilisajiliwa mwaka 1925. Beba pia kitambaa cha kufunika macho, la sivyo hutalala.

Nyama ya halali inapatikana kwa Wasomali upande wa mashariki, kuelekea Itäkeskus, na metro inafika. Katikati ya mji kula supu ya samaki wa samoni yenye viazi na maziwa, na ule mchana siku za kazi, ambapo mikahawa huweka chakula cha bei nafuu kuliko jioni. Maji ya bomba yananyweka, usinunue ya chupa. Mikate yao mitamu hutiwa iliki. Mwenye viungo vya kuuza na aliangalie hilo.

Kaskazini usende. Rovaniemi ni kiasi cha kilomita 800, utamaliza wikiendi yako ndani ya treni. Jumamosi nenda Suomenlinna, ngome ya visiwani ambayo Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748, Warusi wakaitwaa mwaka 1808, na UNESCO ikaiorodhesha mwaka 1991. Boti inaondoka Kauppatori, sokoni penyewe, unalipa kwa tiketi ile ile ya tramu na basi, na kwa dakika 15 hadi 20 umefika. Ngome hiyo ni mtaa hasa, si makumbusho matupu: wanaishi watu wapatao 800, utaona nguo zimeanikwa nyuma ya kuta za mizinga. Vaa koti, maana upepo wa pale ni mkali hata jua likiwaka. Ukirudi pita maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa mwaka 2018, ambako kuingia ni bure na utakuta vyarahani vya kutumiwa na umma.

Msafiri wa Mkoani

Mimi ningesema Jumapili avuke kwa meli kwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Ni kama saa mbili tu, na viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inamruhusu.

Binti Makunduchi (Helsinki)

Inamruhusu, lakini saa mbili za kwenda, mbili za kurudi, na foleni za bandarini, kwa mtu mwenye ndege kesho yake! Mimi namshauri mji mdogo wa Porvoo, saa moja kwa basi kutoka kituo cha Kamppi: nyumba za mbao, maghala mekundu kandokando ya mto, na hakuna pa kulipa kiingilio ukitembea tu.

Katibu wa Mwani (Micheweni, Pemba)

Ahsanteni mno. Nimeshamwandikia mwenyeji kuhusu sauna, akajibu kwa mstari mmoja kwamba mkewe ataniandalia kahawa. La ripoti ya usalama nimelipeleka kwenye kikao cha ushirika leo jioni, na akina mama wamekubaliana sabuni za karafuu zibaki mpaka zipimwe. Swali la mwisho, dada Binti: kutoka uwanja wa ndege nichukue teksi?

Binti Makunduchi (Helsinki)

Hapana, teksi ni ghali. Panda treni ya I au P, zote zinafika kituo kikuu kwa muda wa nusu saa hivi. Nunua tiketi ya kanda za ABC kwenye mashine kabla ya kupanda. Hakuna geti, lakini wakaguzi hupita na faini yao si ya mchezo.