Kueleza habari za mtu mwenye akili unayemfahamu: nimchague nani katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza?

Afisa Ugani Nzuguni aliuliza:

Habari za leo wanajukwaa. Ninaishi Nzuguni hapa Dodoma, nimeajiriwa kama afisa ugani, na nimeomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nchini Uingereza. Chuo kimenitaka niwasilishe matokeo ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Kusikiliza, kusoma na kuandika sina wasiwasi navyo sana. Kinachoninyima usingizi ni kuzungumza, hasa sehemu ya pili, ambapo mtahini anakukabidhi kadi yenye mada na kukuacha uzungumze peke yako.

Kadi ambayo nimekutana nayo mara kwa mara katika mazoezi inamtaka mtahiniwa aeleze habari za mtu mwenye akili anayemfahamu: ni nani, walifahamiana vipi, anafanya shughuli gani, na kwa nini anamwona kuwa mtu mwenye akili. Nimekuwa nikieleza habari za mhadhiri wangu wa zamani. Kila nikijipima kwa saa ya simu, maneno yananiishia kabla ya dakika moja kutimia, kwa sababu nikishataja shahada zake na tafiti zake sina la kuongeza isipokuwa kurudia kwamba ana akili sana. Mke wangu ananishauri nieleze habari za mama yangu mdogo, mkulima wa zabibu kule Mpunguzi, ambaye masomo yake yaliishia darasa la nne. Nahofia mtahini ataona nimelifanyia swali mzaha. Je, nibaki na mhadhiri au nimchukue mama mdogo? Na je, inakubalika kumbuni mtu ambaye hayupo?

Mwalimu wa Kisasa alijibu:

Ndugu Afisa Ugani, shemeji amekushauri vyema. Mtihani huu haupimi akili ya mtu unayemzungumzia, wala mtahini hana mahali pa kuandika alama za ubora wa mtu uliyemchagua. Ana vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa mazungumzo, upana wa msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Kwa hiyo usijiulize ni nani kati ya wawili hao aliye na akili zaidi. Jiulize ni nani atakayekuwezesha kuzungumza kwa dakika mbili bila kukodolea dari macho ukitafuta la kusema.

Shida ya mhadhiri umeieleza mwenyewe. Unamfahamu kwa wasifu wake, na wasifu ni orodha: alisoma hapa, akafundisha pale, akaandika hiki na kile. Orodha huisha upesi, na sarufi yake ni ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye akili huonekana pale anapokabiliana na jambo lililowashinda wenzake, akalipima, akachagua njia ambayo wengine hawakuiona, na ukilisimulia jambo hilo huwezi kukwepa kusema hali ilikuwaje kabla, wengine walifanya nini, nini kingetokea kama naye angefanya vivyo hivyo, na kwa nini hakufanya. Humo ndimo zinamopatikana sentensi za masharti, za ulinganisho na za sababu, ambazo katika wasifu wa mhadhiri ungelazimika kuzichomeka kwa nguvu.

Jambo la pili ni muda. Unapewa dakika moja ya kujiandaa, pamoja na karatasi na penseli, kisha unazungumza kwa dakika moja hadi mbili mpaka mtahini akusimamishe. Wanafunzi wangu wengi huitumia dakika ile kuandika sentensi kamili, na inakatika wakiwa kwenye mstari wa pili. Andika neno moja moja kwa kila swali lililo kwenye kadi, na sehemu kubwa ya karatasi uiachie swali la mwisho, lile la kwa nini. Maswali matatu ya mwanzo yapewe nusu dakika, yasipewe zaidi ya hapo.

Kuhusu kubuni, hakuna atakayepiga simu Mpunguzi kuhakiki, na si kosa. Lakini mtu wa kubuni anakupa kazi mbili kwa wakati mmoja, kumuumba na kumtafutia Kiingereza, na baada ya maelezo yako mtahini anaweza kukuuliza swali moja au mawili mafupi juu yake, ambapo wabunifu wengi hubabaika. Wapo pia wanaokimbilia watu mashuhuri, Mwalimu Nyerere akiwa wa kwanza. Hao wanarudi kwenye shida ile ile ya wasifu, na isitoshe kadi imesema mtu unayemfahamu.

Sasa tuambie: mama mdogo aliwahi kufanya jambo gani ambalo wewe, mtaalamu wa kilimo, lilikushangaza?

Afisa Ugani Nzuguni alijibu:

Ahsante sana Mwalimu. Jambo lipo.

Kwa wasiofahamu kilimo cha hapa kwetu, zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hatuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa matawi, na takriban miezi minne baadaye vichala huwa vimeiva. Wakulima wengi hupogoa kwa wakati mmoja, hivyo mavuno nayo hufurika kwa pamoja, viwanda vya mvinyo hulemewa, bei huanguka, na wengine huishia kuangalia zabibu zikiwaozea shambani. Mama mdogo aliumizwa na hali hiyo kama wenzake. Kisha msimu mmoja aligawa shamba lake mafungu matatu kwa kamba za katani, akapogoa fungu la kwanza pamoja na majirani, la pili akalichelewesha, na la tatu akalichelewesha zaidi. Majirani walimcheka waziwazi. Mimi nilimuuliza kama haogopi fungu la mwisho kukutwa na mvua na kuliwa na ukungu. Alinijibu kwamba ndiyo sababu amelichagua lile la upande wa juu, kwenye udongo wa kichanga na upepo, ambako majani hukauka mapema kuliko kwingine. Zabibu za fungu hilo hakuzipeleka kiwandani. Aliziuza kama zabibu za kula, kwa bei yake, wakati ambapo kando ya barabara hapakuwa na mwingine mwenye zabibu.

Kuna na jambo la mbegu. Kabla ya kuvuna hupasua punje chache kutoka vichala tofauti na kutazama rangi ya mbegu. Ikiwa bado ya kijani anasubiri, ikigeuka kahawia anaita vibarua. Kifaa cha kupimia sukari hajawahi kukishika.

Ila naona Kiingereza cha kupogoa, ukungu na kichanga kitanitoa jasho zaidi kuliko cha shahada za mhadhiri.

Mkazi wa Area C alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na Mwalimu, ingawa kisa chenyewe nimekipenda. Msikilizaji aliye nje ya Dodoma hajui kwamba mzabibu huamshwa kwa kupogolewa, na ukianza kumfundisha kilimo utatumia dakika nzima kabla hujafika kwenye akili ya mama mdogo. Nimewaona watu wakijitega kwa namna hiyo: wanachagua mada wanayoijua mno, wanazama kwenye maelezo ya kitaalamu, na mtahini anawasimamisha wakati mhusika bado hajafanya lolote. Kama una fundi simu au mshonaji unayemfahamu, ambaye kazi yake inaeleweka duniani kote bila utangulizi, huyo angekuwa rahisi zaidi.

Mwalimu wa Kisasa alijibu:

Hofu ya Mkazi wa Area C ni ya kweli, lakini dawa yake ni kupunguza maelezo, mhusika abaki yule yule. Kilimo chote unaweza kukimaliza kwa sentensi mbili: kwamba kila mkulima huvuna wakati mmoja hivyo bei huanguka, na kwamba mama mdogo aliamua sehemu ya shamba lake ivunwe baadaye. Msikilizaji wa London au wa Lagos atakuelewa, maana soko lililofurika linafahamika kila mahali. Neno la kupogoa lijifunze, ni moja tu, na likikupotea siku hiyo sema kwamba alikata matawi. Mtahini huthamini uwezo wa kuzunguka neno lililokosekana. Kunyamaza ndiko kunakogharimu. Kichanga na upepo ni vitu ambavyo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuvieleza.

Muuguzi wa Kondoa alijibu:

Naomba kuongeza mambo ambayo hayajaguswa, kwa kuwa mtihani huu nimeufanya.

Kaka, unapoeleza habari za mwanamke kwa Kiingereza, kuwa macho na jinsia. Kiswahili kinatosheka na yeye kwa wote, lakini Kiingereza kinatenganisha mwanamume na mwanamke kila unapomtaja, na sisi huteleza bila kujisikia: tunaanza na mama mdogo, sentensi ya tatu ameshakuwa mwanamume, ya tano amerudi kuwa mwanamke. Katika mada ya kumweleza mtu kosa hilo hujirudia mara nyingi kuliko katika mada nyingine yoyote. Njia iliyonisaidia ni kujirekodi kwenye simu, kisha kusikiliza rekodi nzima nikitafuta kosa hilo peke yake, bila kujali mengine.

Matamshi usiyatafutie lafudhi ya Waingereza. Hakuna anayekutaka uzungumze kama mtangazaji wa redio ya huko kwao. Kinachotakiwa ni msikilizaji akuelewe bila kujikaza. Tatizo letu halisi ni kupachika irabu mwishoni mwa maneno yanayoishia na konsonanti, jambo linaloyafanya maneno yaongezeke silabi na kufunika zile sauti za mwisho zinazoonyesha wakati uliopita na wingi. Unaweza kuwa umeisema sarufi sahihi kabisa moyoni, lakini masikioni kwa mtahini haikufika.

Na tafadhali usikariri. Zipo hotuba zilizoandikwa tayari juu ya kadi hii hii, zimejaa maneno makubwa, na mtahini aliyezoea huzitambua kwa jinsi kasi na kiimbo cha mzungumzaji kinavyobadilika ghafla. Hazikuongezei alama, na kwa sababu kadi zenyewe hubadilishwa mara kwa mara, unaweza kufika ukakuta umeulizwa juu ya mzee unayemheshimu au mtu aliyekufundisha jambo muhimu. Kisa cha mama mdogo kitakutosha kwa kadi hizo zote ukikijua kwa mambo yake, bila kukariri sentensi zake.

Mtafiti wa Ng'ong'ona alijibu:

Wachangiaji wamejikita kwenye sehemu ya pili, lakini msimsahau ndugu yetu katika ya tatu, ambayo huchukua dakika nne hadi tano na hutokana na mada ile ile ya kadi. Hapo mtahini hamtaki tena mama mdogo. Ataingia kwenye maswali mapana: je, mtu huzaliwa na akili au huijenga? Je, mitihani ya shule inaipima akili kweli? Je, mtoto anayeonekana kuwa na akili nyingi atengwe na wenzake darasani? Kwa maoni yangu hapa ndipo alama za watahiniwa wetu wengi huvuja, kwa sababu huendelea kusimulia habari za mtu mmoja badala ya kupanda hadi kwenye hoja.

Huhitaji kujaza kichwa nadharia, ila kujua mbili tatu kunakupa ujasiri. Alfred Binet alitengeneza kipimo chake huko Ufaransa mwaka 1905, pamoja na Théodore Simon, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Nia haikuwa kuwapanga watu wa dunia kwa ngazi. Mwaka 1983 Mmarekani Howard Gardner alileta hoja kwamba akili ni za aina nyingi, na baadaye akaongeza ile ya kuusoma ulimwengu wa mimea na viumbe, ambayo mama mdogo wa Mpunguzi angeikubali bila mjadala, ingawa wanasaikolojia wengi bado wanaipinga nadharia hiyo. Ukitaka mfano wa nyumbani, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Unaweza kujenga hoja kwamba nchi imeanza kukiri kuwa kijana anayeelewa injini au udongo naye ana akili, kisha ukajiuliza kama wazazi wataupa mkondo huo heshima inayostahili. Toa msimamo, toa sababu, kisha kubali kwamba upande wa pili nao una lake. Hata ukipingana na mtahini hupunguziwi kitu.

Afisa Ugani Nzuguni alijibu:

Nawashukuru nyote, Dada Muuguzi kwa namna ya pekee, maana hilo la jinsia nimelisikia katika rekodi yangu ya leo hii. Nimeamua kumchukua mama mdogo. Kwenye karatasi ya maandalizi nimepanga kuandika maneno haya: mama mdogo, Mpunguzi, bei, mafungu matatu, kicheko cha majirani, upepo, mbegu. Je, yanatosha, au yamezidi?

Mwalimu wa Kisasa alijibu:

Yamezidi kwa moja. Mbegu iondoe kwenye karatasi, kwa sababu ni kisa cha pili na kitakutoa kwenye cha kwanza kabla hujakimaliza. Ihifadhi kichwani: mtahini akikuuliza mwishoni kama wengine nao wanamwona mama mdogo kuwa mwenye akili, mweleze jinsi anavyopasua punje na kutazama rangi ya mbegu, halafu useme kama majirani waliomcheka sasa humwomba ushauri kabla ya kuvuna. Kama hawamwombi, sema hivyo hivyo na utoe sababu.