Tupeane uzoefu: masomo ya watoto pale nyumbani panapokuwa na simu moja na bando la kuungaunga

Salaam, ndugu zangu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, UNICEF na ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) walikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa umri wa miaka 3 hadi 17 duniani, yaani takriban bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Shule zilifunguliwa, lakini kazi nyingi zimebaki simuni. Kwangu simu ni moja, ninayokwenda nayo kazini, hivyo mtoto wa kwanza huipokea mlangoni na mdogo wake hungoja zamu hadi usingizi unamchukua. Wenzangu mnamudu vipi?

Mama Pacha
Kinachotuumiza si bei peke yake, bali namna tunavyolazimika kununua. Anayelipwa kwa siku hununua bando la siku, ambalo kwa kawaida kila megabaiti yake ni ghali kuliko ya bando la mwezi, na lisipotumika kabla ya muda kwisha linapotea. Tume ya Broadband (intaneti ya kasi) ya Umoja wa Mataifa ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2025 bei ya huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Sawa, lakini wastani huo unatuchanganya sisi na matajiri. Tulichofanya ni kuchanga na jirani bando la mwezi, naye huwasha hotspoti baada ya chakula cha jioni. Tulianza kwa kuzima masasisho ya programu kwenye kila simu, kwani bila hivyo data huyeyuka kabla mtoto hajafungua hata swali la kwanza.

Mwalimu wa Sayansi
Naongezea upande wetu walimu, maana tunatuma video bila kujiuliza nani analipia. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kula mamia ya megabaiti, ilhali maelezo yaleyale yakichapwa hayafiki hata megabaiti moja. (PDF za kurasa zilizopigwa picha zisiwadanganye, nazo ni nzito.) Shuleni tumeweka programu ya masomo iitwayo Kolibri kwenye kompyuta moja, na watoto wanasoma masomo yaliyokwishapakuliwa kupitia mtandao wa ndani, bila kuhitaji intaneti. Programu ya Kiwix nayo huhifadhi Wikipedia kwa namna hiyohiyo. Hata hivyo, lazima mtu mmoja apakue kwanza mahali penye mtandao wa uhakika, na mtoto mwenye swali jipya usiku bado hana pa kuliuliza.

Kijana wa Mwisho
Mimi nilikwama kwenye maombi ya chuo. Fomu ilikuwa na kurasa kadhaa, haikuhifadhi chochote hadi mwisho, na bando lilikata nikiwa napakia vyeti. Niliponunua jingine nilikuta ukurasa mtupu, nikaanza tena na jina langu. Kama kuna aliyewahi kuishawishi taasisi yake ikubali maombi ya karatasi, au fomu inayojihifadhi hatua kwa hatua, aeleze alimwendea nani.