Kozi ya IT ya kusomea nyumbani, kijana yuko Buhongwa

Kutoka: Shangazi, Leicester

Wana Mwanza, habari za majukumu. Mtoto wa kaka yangu kamaliza kidato cha sita, anataka mambo ya IT. Kuna kampuni ya huku Uingereza imenipigia simu inauza kozi ya kusomea nyumbani, yote kwa mkupuo: A+ (cheti cha ufundi wa kompyuta), Network+ (cha mitandao) na MCSE (cha Microsoft), vitabu wanatuma mpaka Mwanza, na akimaliza kazi ni ya uhakika. Nalipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Wanataka nisaini kabla ya Ijumaa. Nisaini?

Kutoka: Msukuma wa Reading

Shikamoo shangazi. Usisaini. Hiyo MCSE Microsoft waliifuta Januari 2021, kwa hiyo anayeiuza leo anamaliza mzigo wa stoo. Na hiyo kazi ya uhakika, hebu waulize iko Leicester au Buhongwa.

Mtihani wa A+ si mali yao. Ni wa CompTIA, shirika linalotoa vyeti vya IT, unafanyika kupitia Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani, na mtu yeyote anajisajili mwenyewe bila kupitia kozi ya mtu. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei ya kozi, angalia namba ya mtihani. A+ ina mitihani miwili, 220-1201 na 220-1202, iliyoanza 2025. Kozi ikiwa imeandikwa 1101 na 1102, hiyo ni ya toleo lililopita, aiache hata ikiuzwa bei ya kutupa. Cheti kinadumu miaka 3, kisha kinahuishwa.

Akipenda zaidi mitandao kuna CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, mtihani mmoja tu, 200-301. Cisco wanatoa programu ya Packet Tracer bure: anapanga ruta na swichi kwenye skrini, anaziunganisha, anaona ujumbe unapopita na unapokwama. Aanzie hapo kabla hujatoa hata senti. Wapo wanaogundua mapema kwamba walichopenda ni simu tu, si mitandao.

Pesa yenyewe mnunulie laptopu iliyotumika, RAM ya GB 8, diski ya SSD (ile ya kasi), na betri uikazanie kuliko vyote, maana umeme wa kwetu unaujua. Kozi ya Google ya IT Support iko Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, anaweza kuomba msaada wa ada. Video azipakue kwenye simu sehemu yenye Wi-Fi, asitazame kwa bando, litaisha kabla ya somo la pili.

Inayobaki ni ya ada ya mtihani, na kwenye mtihani wenyewe ndipo wengi wanapojikwaa. Akiufanyia nyumbani, msimamizi anamwangalia kwa kamera. Meza iwe tupu, simu isiwe karibu, na mtu mwingine akiingia chumbani mtihani unaweza kufutwa papo hapo. Sasa chukua nyumba ya kupanga, mlango una pazia, mtoto wa jirani anaingia bila hodi kuomba chaja. Mtafutieni chumba cha kufunga kwa ufunguo, hata ofisi ya mtu siku ya Jumapili. Tena jina la usajili lilingane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Sisi wa majina matatu tunapenda kuyageuzageuza.

Kutoka: Fundi wa Rwagasore (nimesharudi nyumbani)

Dada, habari za siku. Huyo kijana wa Reading kasema kweli, ila kasahau kitu kimoja: vyeti hivi havichukui nafasi ya stashahada wala shahada. Nafasi za IT serikalini zinazopitia Sekretarieti ya Ajira zinadai elimu ya chuo kinachotambuliwa, na ukienda na A+ peke yake hata kwenye usaili hufiki. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Mwanza, aulizie masharti yao huku anaendelea na A+. Chuo kingine chochote atakachoambiwa, kwanza akitafute kwenye orodha za TCU (tume ya vyuo vikuu) au NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi).

Wakati huo huo aje dukani kwangu. A+ inauliza RAM, printa, chaja iliyokufa, na hayo hayaingii kichwani kwa video. Nina mashine za steshenari hapa, feni zimejaa vumbi la Igoma, ukizifungua unapiga chafya. Atashika bisibisi, atachomoa RAM na kuirudisha mpaka isikike imekaa. Simlipi na simtozi. Jumamosi saa mbili asubuhi, na hela ya daladala umtumie wewe.

Kutoka: Shangazi, Leicester

Kampuni imepiga tena, nimewaambia nasubiri fundi. Ya daladala nimeshatuma kwa M-Pesa, na ya chai juu.