Basari ya elfu tano tano: wasaidiwe wengi kidogo, au wachache hadi wamalize chuo?

Mama wa Tudor
Asalaam aleikum jamaa. Pesa za basari, ule msaada wa karo wa kaunti na wa NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), zakatwa vipande ili kila nyumba ionje. Mtoto wa chuo akipewa 5,000, karo yasalia pale pale na pengo hulijaza kwa mkopo. Na ile fomu mwaijua: sahihi ya chifu, sahihi ya imamu au mchungaji, muhuri wa shule, nakala ya kitambulisho, nakala ya matokeo. Chifu ukimkosa leo, urudi kesho, nauli nyengine. Mimi naona heri wachache walipiwe hadi wamalize, watoke bila deni. Mwaonaje?

Mzee wa Kisauni
Waaleikum salaam. Sikubali. Hapa Mombasa ukisema "wachache", jua ni watoto wa wanaojuana na wakubwa. Elfu tano ni ndogo lakini imenifikia bila kupiga mtu magoti.

Karani Mstaafu
Tuweke hesabu kwanza. Mfumo wa 2023 wa kulipia vyuo vikuu wampanga mwanafunzi kwenye bendi tano, kwa mapato ya nyumbani kwao. Bendi ya 1 ufadhili wa serikali usiorudishwa asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Bendi ya 5 ufadhili 30, mkopo 30, nyumbani 40. Mchukue wa Bendi ya 3, kozi tuseme ya Sh200,000 kwa mwaka: ufadhili 100,000, mkopo 60,000, mzazi 40,000. Ongeza mkopo wa kujikimu, 50,000 kwa bendi hiyo. Miaka minne atoka na deni la Sh440,000, na riba bado. Sasa hiyo elfu tano yaziba tundu gani? Sisi tulisoma chuo cha serikali kwa karo ya Sh16,000 kwa mwaka.

Kijana wa Likoni
Mfumo huo si mahakama iliufuta? Nilisikia Desemba ile.

Karani Mstaafu
Mahakama Kuu ilisema wakiuka Katiba, Desemba 2024. Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Kwa hivyo asije mtu akamwambia mwanawe asijaze fomu kwa habari ya nusu.

Mwalimu wa Mikindani
Nimefundisha Pwani miaka mingi ingawa kwetu ni bara, na ninawapenda hawa watoto, ndiyo maana ninasema. Pesa zipo. Mzazi anatoa laki kadhaa kwa harusi: jukwaa, maua, taa, dera za sare, biriani la watu mia tano. Mtoto akipata barua ya chuo, mzazi huyo huyo anasema hana kitu. Kisha tunalilia basari.

Binti wa Mji wa Kale
Mwalimu, hapo umetukosea heshima. Harusi ya nani hapa yalipwa na mtu mmoja? Mchele watoka kwa ami, mbuzi kwa mjomba, wapishi ni majirani, na kila aliyeleta kaandikwa daftarini, kwa sababu kwake nami nitapeleka. Hizo si pesa za mzazi zimekaa mahali zikingoja kuchezewa. Na kwenu bara, mtu akifa, matanga na basi la kusafirisha maiti hulipwa na nani?

Mwalimu wa Mikindani
Msiba haupangwi. Harusi inapangwa.

Fundi wa Changamwe
Na karo je? Mtoto akiingia darasa la kwanza si wajua siku moja atataka chuo?

Baba wa Majengo
Mimi nimemuoza binti yangu Shaabani, na jukwaa lilikuwapo, na binti huyo yuwasoma uuguzi, tena mwaka wa tatu. Msitufanye kama watu wasiojua elimu. Nenda Tudor uulize TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, ilianzaje. Ilikuwa MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu, na Aga Khan na Sultani wa Unguja walitia mikono mifukoni kabla Kenya haijapata uhuru. Babu zetu walikaa pale wakajifunza umeme na ubaharia. Leo mtu atwambia sisi twajua maua tu!

Mwalimu wa Mikindani
Sikusema hamjui elimu. Nilisema mpango wa pesa.

Mama wa Tudor
Jamaa, swali lilikuwa basari.

Kijana wa Likoni
Mama, hata hili ni basari. Daftari la harusi lafanya kazi, basi tuwe na daftari la karo.

Karani Mstaafu
Tumejaribu, kijana. Harambee ya karo watu huja mwaka wa kwanza, barua ya chuo bado mpya na mama analia kwa furaha. Mwaka wa pili haji mtu. Ndipo wengi hukwama, muhula wa pili wa mwaka wa pili, mtoto yuko darasani lakini kwenye chumba cha mtihani haingii kwa sababu ya salio.

Mwanafunzi, Kilifi
Hilo ni kweli kabisa. Na mimi nina lingine. Mkopo wenyewe nimeukataa, si kwa kiburi. Una riba. Nadhani ni asilimia sita.

Karani Mstaafu
Nne. Waanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukikaa kimya ni faini ya Sh5,000 kila mwezi. Hiyo faini ndiyo iwatie watu hofu, maana yamngoja hata asiyepata kazi.

Baba wa Majengo
Nne au arubaini, riba ni riba. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na akaharamisha riba. Kijana amefanya sawa.

Mzee wa Kisauni
Amefanya sawa, na karo imelipwa na nani? Tusimsifu mtoto kwa kukataa mkopo kisha tumwache kivukoni. Aya ya zaka yataja mafungu manane, na wenye madeni ni fungu mojawapo. Nyumba za wakfu zimejaa Mji wa Kale na zatoa kodi. Twataka maimamu waseme wazi: mwanafunzi aliyekwama apewa au hapewi?

Binti wa Mji wa Kale
Apewa, akiwa fakiri kweli. Tatizo ni sisi kugawa zaka kwa noti za mia mia mlangoni Ramadhani. Ni kasoro ile ile ya basari, tena hii ni mikononi mwetu wenyewe.

Baba wa Majengo
Wale akina mama wa mlangoni wafuturu na nini? Dada, usiwapokonye.

Binti wa Mji wa Kale
Sijawapokonya! Soma nilichoandika.

Fundi wa Changamwe
Niulize kwa nia njema. Mimi Mgiriama, Mkristo, wangu yuko chuo cha ufundi. Hiyo zaka yamfikia?

Mzee wa Kisauni
Zaka, wanachuoni wengi wasema ni ya Waislamu. Sadaka yamfikia. Wakfu, yategemea aliyeuweka alisema nini. Sitakudanganya ndugu yangu.

Fundi wa Changamwe
Ahsante kwa kusema wazi. Basi nami niseme wazi. Nyinyi mna zaka, mna wakfu, mna daftari la harusi likigeuzwa. Mimi nina basari peke yake, na ya NG-CDF sheria yake Mahakama Kuu ilishaikataa tangu Septemba 2024. Hata hiyo ya kaunti Jedwali la Nne la Katiba lataja chekechea na vyuo vya vijiji, chuo kikuu ni cha serikali kuu. Kabla hamjaifanya ya wachache, wekeni orodha ukutani kwenye afisi ya wadi: jina la mtoto, chuo, kiasi alichopewa, na nani alimpendekeza. Nikiiona hiyo ukutani, nitakaa upande wa Mama wa Tudor.