Kubofya mara moja tu kwenye Subversion kumetufungia folda nzima, na njia ya kurudi hakuna

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimekereka kwelikweli, na anayetaka kuniambia "hamieni Git" (mfumo mwingine wa kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, kama ilivyo Subversion) namwomba amalize kwanza kusoma.

Ofisini kwetu tuna seva ya CentOS 7 (aina ya Linux) ambayo mpaka leo haijabadilishwa (mambo ya bajeti tuyaache), na Subversion iliyokuja nayo ni toleo la 1.7.14. Kila usiku skripti huingia kwenye folda moja ya pamoja, huvuta mabadiliko kutoka kwenye hazina ya msimbo, kisha huandaa faili za kazi ya asubuhi. Folda hiyohiyo wenzetu huifungua kupitia mtandao wa ndani kwa TortoiseSVN, programu ya Windows ya kutumia Subversion kwa kubofya. Wiki iliyopita kijana mmoja alipewa kompyuta mpya, akasakinisha TortoiseSVN 1.14, akafungua folda na kukuta menyu inamtaka kwanza aboreshe nakala ya kazi, yaani abadilishe muundo ambao Subversion hutumia kuweka taarifa zake ndani ya folda hiyo. Akabofya, maana kazi ilikuwa inamsubiri.

Asubuhi hakukuwa na faili hata moja. Kwenye kumbukumbu za skripti kulikuwa na kosa E155021, likieleza kwamba klaienti yetu (programu ya Subversion inayotumiwa na skripti) ni ya zamani mno kwa nakala yenye muundo namba 31 na kwamba tutafute mpya. Toleo la 1.7 linajua kusoma muundo namba 29, na namba 31 ilikuja na toleo la 1.8 mwaka 2013.

Tuseme kijana alionywa. Onyo linamsaidia nini mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye seva wala hajui inatumia toleo gani? Anayebofya ni mmoja, anayeumia ni mwingine, na programu haina namna ya kuwakutanisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ugonjwa huu si mgeni. Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2006 mpaka 1.6 la mwaka 2009, klaienti mpya ilikuwa ikigusa tu nakala ya zamani inaibadilisha kimyakimya, bila hata kuuliza, na mwenzako mwenye toleo la nyuma anabaki nje. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini angalau wakati ule kulikuwa na skripti ndogo ya Python ya kurudisha muundo wa zamani. Mwaka 2011, toleo la 1.7 lilipoondoa zile folda za .svn (za taarifa za Subversion yenyewe) zilizotapakaa kila mahali na kuweka hifadhidata moja ya SQLite, tulipewa heshima ya kuamua wenyewe lini tuboreshe, ila tukanyang'anywa njia ya kurudi. Sasa heshima gani hiyo, kuulizwa kama unataka kuingia chumba ambacho mlango wake haufunguki kwa ndani?

Kwa haki niseme kwamba upande wa mawasiliano watengenezaji wa Subversion hawana lawama: klaienti na seva za 1.x husikilizana hata matoleo yakipishana, ndiyo maana historia yetu iko salama hazinani. Kilichokwama ni marekebisho ya faili zipatazo arobaini ambayo hayakuwa yamepelekwa hazinani (ndiyo, najua, hilo ni kosa letu). Ilibidi tuyatoe kama kiraka (faili moja yenye orodha ya mabadiliko) kwa kutumia kompyuta ileile ya kijana, tuchote nakala upya kwenye seva kwa 1.7, kisha tuyabandike. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza saa nane mchana.

Na hao wa Git wasinicheke. Aprili 2022 toleo la 2.35.2 lilianza kukataa folda inayomilikiwa na mtumiaji mwingine, na kwa kuwa sababu ilikuwa ya kiusalama, marekebisho hayo yalirudishwa hata kwenye matoleo ya nyuma kama 2.30.3, kiasi kwamba skripti zilizokuwa zikifanya kazi jana ziligoma leo. Siku chache baadaye ndipo 2.35.3 ikaruhusu kuweka alama ya nyota kwenye mipangilio ili folda zote zikubaliwe.

Sasa naomba kujua: yupo aliyewahi kurudisha muundo namba 31 hadi 29 bila kuchota nakala upya? Na mwenye njia ya kuizuia TortoiseSVN isionyeshe kabisa chaguo hilo la kuboresha kwenye kompyuta za wenzangu, aiweke hapa, maana wiki ijayo zinakuja kompyuta nyingine nne.