Tupeane uzoefu: gari la zamani limekuwa zito mlimani, unaanza kupima wapi ukiwa nyumbani?

Mwanzisha uzi, Mabatini
Wakuu, uzi huu ni wa wenye Corolla, Carina, Starlet na nduguze za miaka ya 90, zile zinazonguruma kupanda kilima cha Bugando hapa Mwanza lakini hazisogei. Tuweke vipimo, si orodha ya vifaa vya kununua. Mtu anabadilisha plagi, pampu na kuosha nozeli, kumbe kilichopasuka ni kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) cha bei ya soda.

Naanza. Kwanza hakikisha injini ndiyo yenye kosa. Weka gari sehemu tambarare, gia huru, breki ya mkono imeachiwa, ulisukume. Gari dogo mtu mzima mmoja hulisogeza. Likigoma, kuna breki iliyong'ang'ania: ukirudi safari ya Usagara, rimu ya gurudumu hilo itakuwa moto kuliko nyingine. Halafu, injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho nawe uangalie kipepeo cha hewa (kisahani kinachoruhusu hewa kuingia injini) kama kinafunguka chote. Kapeti nene au kebo iliyolegea huiba nguvu bila taa yoyote kuwaka. Kwa gari la manyuo (gia za mkono), resi ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza; injini usiiguse.

Mdau, Kisesa
Filta ya hewa huku kwetu huchoka mapema kuliko kitabu kinavyosema. Vumbi ni moja, lakini msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi, wanajaa kwenye mikunjo ya filta na kwenye mapezi ya rejeta. Shika filta mbele ya tochi: mwanga usipopenya, tupa. Ukipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Filta ya karatasi ikishaoshwa kwa maji imekwisha. Rejeta nayo iangaliwe, maana injini ikichemka huanza kugonga na nguvu inapungua.

Mdau, Nyegezi
Usisubiri mashine ya kupimia. Toyota hizo zina kisanduku cha plastiki chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, nyuma yake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Mfululizo wa haraka usiokatika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Mbili, kituo, kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 kwenye injini ya Toyota kama 5A ni sensa ya vakyumu, 41 ni sensa ya kipepeo. Soma ramani mara mbili: tundu la +B lina umeme wa betri, ukilichanganya na E1 unaunguza fyuza, au waya kabisa.

Kosa likitajwa, anza na soketi na waya wake, sensa yenyewe baadaye.

Mdau, Igoma
Plagi zitoe zote, zipange kwa mpangilio wa silinda. Kahawia ya kijivu ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi au hewa kidogo. Nyeusi yenye oili ni ringi au sili za valvu. NGK yenye namba inayoishia na 11 ina mwanya wa milimita 1.1. Waya za plagi pima kwa mita ya umeme: Toyota wanaweka ukomo wa kilo-omu 25 kwa kila waya. Usiku nyunyizia ukungu wa maji huku injini ikiunguruma, ukikaa mbali na waya. Cheche zikionekana zinaruka nje, umepata penye misi (silinda isiyochoma vizuri).

Mdau, Capri Point
Geji ya vakyumu ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote, ila watu wa Mwanza wanaisoma vibaya. Tuko kama mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Vitabu vinasema inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta). Hapa punguza karibu 4, yaani 13 hadi 17 ni salama kabisa. Mshale ukitulia chini ya hapo, kuna hewa inavuja au taiming (wakati wa cheche) imechelewa. Ukitingishika kwa mpigo ule ule, shuku valvu. Shikilia resi ya mizunguko 2,500 kwa dakika: mshale ukianza kushuka pole pole, ekzosi imeziba, mara nyingi masega ya kisafisha moshi (katalisti) yameyeyuka.

Kutafuta uvujaji tumia maji ya kunyunyizia kwenye mipira na gasketi ya manifoldi, si petroli. Silensa ikibadilika, hapo hapo.

Swali, Buswelu
Asubuhi linavuta vizuri, likipata moto linazama.

Mdau, Nyegezi
Mkuu, hiyo mara nyingi ni koili au pampu iliyochoka. Unganisha FP na +B kwenye kisanduku kile kile, swichi ikiwa ON. Pampu itazunguka bila injini. Ukiwa na geji ya presha ya mafuta, 5A hutoa psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regyuleta (kirekebisha presha ya mafuta) ukiwa umetolewa. Pima baridi, rudia ikiwa moto. Petroli ya kununua kwa chupa iweke kwanza kwenye glasi. Maji hukaa chini.

Mdau, Igoma
Kompresheni (mgandamizo wa silinda) iwe ya mwisho, kwa geji yake. Toa plagi zote, chomoa soketi ya distributa, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata mpaka mshale usimame. Kiwango cha kitabu huku kitapungua kwa ajili ya mwinuko, hivyo linganisha silinda kwa silinda: tofauti isizidi psi 14. Iliyo chini itilie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi.